Nzambani na Nzaui: mwongozo wa mgeni mwenye masikio

Ukienda Gede, karibu na Watamu, utaonyeshwa kuta: msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ukibahatika kufika Wales utaonyeshwa Tintern, monasteri iliyoanzishwa mwaka 1131 na kufungwa 1536 kwa amri ya Mfalme Henry VIII. Paa lilikwenda zamani, madirisha yamebaki. Ukambani hutaonyeshwa kuta za namna hiyo. Wazee wa huku walijenga kwa miti na nyasi, na mchwa haachi kitu. Kilichobaki ni miamba iliyokuwapo kabla ya watu, na visa ambavyo watu waliviweka juu ya miamba hiyo.

Ndiyo maana wageni wengi hurudi kutoka Kitui wakilalamika kwamba waliona "jiwe tu". Walifika, wakalipa, wakapanda, wakapiga picha, wakashuka. Hakuna aliyewasimulia na wao hawakuuliza. Kanuni kubwa ya mwongozo huu ni moja: kisa kwanza, ngazi baadaye.

Unaendea nini hasa?

*Nzambani*, Kitui. Ni mwamba mkubwa uliosimama peke yake nje ya mji wa Kitui. Wenyeji huuita Ivia ya Nzambani, jiwe la Nzambani. Una ngazi za chuma zilizofungwa ubavuni, kwa hiyo hata asiyewahi kupanda mlima hufika kileleni, mradi asiwe mtu wa kuogopa kimo.

*Nzaui*, Makueni. Huu ni mlima wenye genge kali, upande wa Matiliku, kaskazini mwa Emali. Kwa simulizi za Wakamba, hapa ndipo Mulungu alipowatoa watu wa kwanza. Hapa pia ndipo wamishenari wa Africa Inland Mission walipofungua kituo chao cha kwanza, mwezi wa Desemba 1895. Mlima mmoja, mianzo miwili, na wenyeji wengi hawaoni ugomvi wowote kati ya mianzo hiyo.

Usipange kumaliza sehemu hizi mbili kwa siku moja. Kwenye ramani zinaonekana kama jirani, lakini utaishia kuona zaidi kioo cha gari kuliko jiwe. Tenga siku mbili, ulale Kitui au Wote.

Uende lini?

Ukambani mvua huja mara mbili: Oktoba hadi Desemba, na Machi hadi Mei. Mvua za mwisho wa mwaka ndizo wakulima wanazozitegemea zaidi. Jambo hili linamhusu mgeni kwa sababu mbili. Kwanza, mwamba uliolowa huteleza, hasa penye ukungu-mawe, yale madoa ya kijivu na ya rangi ya chungwa yanayoonekana makavu na kumbe si makavu. Pili, mawingu ya mvua huja na radi, na ngazi za chuma juu ya mwamba ulio peke yake si mahali pa kuwa radi inaponguruma.

Kiangazi nacho kina matatizo yake. Mwezi wa Septemba vumbi na moshi wa mashamba hufunga upeo, na ukifika juu saa sita mchana utaona weupe mtupu. Nafuu ni Juni na Julai, hewa ikiwa baridi kidogo, au siku kavu katikati ya mvua za Novemba na Desemba, vumbi likiwa limeoshwa. Mmishenari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Kitui mwaka 1849 akiwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara ya Wakamba, aliuona Mlima Kenya tarehe 3 Desemba. Nawe ukiutaka, utafute asubuhi na mapema, wala usimdai mtembezaji wako pesa usipouona.

Siku ya Nzambani, hatua kwa hatua

1. Toka mjini Kitui saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bodaboda wote wanapajua. Patana nauli ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na mwambie akusubiri au akuachie namba yake, kwa kuwa kupata usafiri wa kurudi hakuna uhakika.

2. Fika langoni, salimia, lipa kiingilio. Viwango hubadilika, na raia hulipa tofauti na mgeni wa nchi za nje, kwa hiyo beba kitambulisho. Lipa kwa M-Pesa ukiweza ili ubaki na ujumbe kwenye simu.

3. Usipande bado. Omba mtu wa kukusimulia. Mara nyingi kijana wa langoni ataanza mwenyewe, na kisa chake kitakuwa kifupi kwa sababu amekisema mara nyingi. Mwulize kama kuna mzee au susu (yaani nyanya) wa boma la jirani anayekijua vizuri zaidi. Hapo ndipo safari yako inapoanza kuwa na maana.

4. Zunguka sehemu ya chini kidogo, utazame mwamba kutoka pande mbili au tatu. Kisa kinasema kuna msichana humo. Ukisikiliza kwanza, jicho lako litamtafuta lenyewe.

5. Sasa panda. Mkono mmoja ubaki kwenye kishikio wakati wote. Simu mfukoni, begi mgongoni, mikono yote mitupu. Mwenye watoto atangulize mtu mzima mmoja na mwingine afunge safu.

6. Juu, kaa chini kabla ya kupiga picha. Wapo wanaorudi nyuma hatua moja "ili wote waonekane". Genge halina uzio kila mahali.

7. Shuka kabla ya saa nne na nusu. Baada ya hapo chuma huwa moto kiasi cha kuchoma viganja.

Kisa chenyewe

Kinasimuliwa kwa namna nyingi. Inayosikika zaidi ni hii: msichana aliyeitwa Nzambani alikwenda na wenzake kutafuta kuni. Wengine husema walikwenda kuteka maji. Njiani akaona kijiwe kizuri, chenye kung'aa, kilichomvutia kuliko kazi aliyotumwa. Wenzake wakamhimiza waende, yeye akabaki nacho. Alipotaka kuinuka, jiwe likawa limemganda mgongoni. Wakamvuta, halikubanduka. Wakakimbia kuita watu nyumbani, na kila walivyochelewa ndivyo jiwe lilivyokua. Watu walipofika, walikuta mwamba.

Msimulizi akifika mahali ambapo wenzake wanakimbia, mtazame uso. Wapo wanaokisimulia kama onyo kwa binti anayechelewa njiani. Wapo, hasa wanawake wazee, wanaokisimulia kwa kumhurumia Nzambani na kuwalaumu wenzake waliomwacha. Hicho si kisa kimoja chenye makosa ya hapa na pale. Ni visa viwili, na ni bahati ukivisikia vyote katika asubuhi moja.

Halafu kuna jambo la kuzunguka mara saba. Inasemekana mwanamume akiuzunguka mwamba mara saba hugeuka mwanamke, na mwanamke hugeuka mwanamume. Hili ndilo lililoupa mwamba jina mijini, na kwangu ndilo tawi dhaifu la simulizi nzima. Watu hutoka Nairobi wakijua hesabu ya saba, wasijue kwamba Nzambani lilikuwa jina la mtu. Ukitaka kuzunguka, zunguka, hakuna atakayekuzuia. Lakini vaa suruali ndefu kwa ajili ya miiba, usizunguke peke yako, usizunguke usiku kwa kuwekeana dau, na usifanye mzaha wa kumfuata mtu ukimwita kwa jinsia nyingine. Kwako ni kicheko cha mchana mmoja. Kwa jirani wa mwamba ni kwao.

---

KISANDUKU: NAMNA YA KUMWULIZA MZEE

Kwa nini utaratibu? Kwa sababu kisa si bidhaa ya dukani. Mzee anapima kwanza kama wewe ni mtu wa kusikiliza.

• Salimia kabla ya kusema shida yako. Kikamba kidogo hufungua mlango: *Wĩ mũseo?* kwa mtu mmoja, *Mwĩ aseo?* kwa wengi. Baadaye, *nĩ mũvea*, asante.

• Mwite mzee, mama au susu, kulingana na umri wake. Usimwite kwa jina alilokutajia bodaboda.

• Kijana usibaki umesimama huku mzee ameketi. Ukipewa kigoda, kaa.

• Jieleze: unatoka wapi, kwenu ni wapi, umekuja na nani.

• Uliza "Ulisikia nini kuhusu jiwe hili ulipokuwa mtoto?" Usiulize "Je, ni kweli?" Swali la pili hufunga mdomo.

• Usimsahihishe kwa uliyoyasoma kwenye simu.

• Omba ruhusa kabla ya kurekodi sauti au kupiga picha. Akikataa, usirekodi kwa siri. Sikiliza, kisha andika ukirudi garini.

• Shukrani ni sukari, majani ya chai au pesa kidogo, mkononi na kwa mikono miwili, baada ya maongezi. Ukitoa kabla, umenunua. Ukitoa mbele ya kamera, umemdhalilisha.

---

Nzaui: mahali pa nyayo

Nzaui inataka mgeni wa aina nyingine. Hakuna ngazi za chuma. Kuna msitu, njia za mifugo, mteremko unaotoa jasho, na genge ambalo ukilitazama kutoka chini utaelewa mara moja kwa nini watu waliweka hapa mwanzo wa ulimwengu.

Simulizi inasema Mulungu aliwatoa mwanamume na mwanamke wa kwanza hapa Nzaui. Wengine husema walishushwa kutoka mawinguni, wengine kwamba walitoka shimoni ardhini, na wapo wanaotaja jozi zote mbili ili watoto wao wapate wa kuoana nao. Kuna mwamba unaosemwa una nyayo za watu hao na za mifugo yao. Visa vya namna hii viliandikwa mapema: Msweden Gerhard Lindblom alifanya utafiti Ukambani mwaka 1911 na 1912, na Profesa John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, alizikusanya hadithi za Wakamba kwa mkono wa mwenyeji. Ukipata muda soma kimojawapo kabla ya safari. Ukikosa, si kitu. Mtembezaji mzuri wa Matiliku anatosha.

Utaratibu wa kupanda ni huu:

1. Ukitoka barabara ya Mombasa, ingilia Emali uelekee Matiliku. Fika mapema, kwa kuwa kupanda na kushuka ni kazi ya nusu siku kwa mtu asiyezoea.

2. Piga ripoti kwa chifu au msaidizi wake, na kwa walinzi wa msitu. Hili si urasimu wa bure. Ukipotea au ukivunjika mguu, hawa ndio watakaokuja kukutafuta, na hawawezi kumtafuta mtu wasiyejua kwamba yuko.

3. Chukua mtembezaji wa hapo hapo, mpatane malipo mapema. Programu za ramani za simu hazijui njia za mbuzi.

4. Mwulize kama kuna *ithembo* njiani, mahali pa tambiko pa kale, mara nyingi penye mti mkubwa wa jamii ya mkuyu. Ukionyeshwa, pita kando. Usivunje tawi, usijisaidie karibu, usichukue chochote ulichokikuta chini, hata kigae cha chungu.

5. Penye nyayo, tazama bila kukanyaga. Usichore alama za chaki kuzunguka nyayo ili picha itoke vizuri.

6. Genge la Nzaui ulitazame ukiwa umelala kifudifudi au umekaa. Upepo wa juu huja kwa vishindo, na mtu mwenye kofia pana huikimbilia bila kufikiri.

Na wale wamishenari? Peter Cameron Scott na wenzake walishuka Mombasa Oktoba 1895, wakatembea bara mpaka hapa. Mwaka uliofuata walikuwa wamefungua vituo vingine Sakai, Kilungu na Kangundo. Tarehe 4 Desemba 1896 Scott alikufa kwa homa, hajatimiza hata mwaka mmoja Nzaui. Wenzake wengi nao walikufa au wakarudi makwao, na mnamo 1903 makao makuu ya misheni yakahamia Kijabe, kwenye baridi. Usije hapa ukitarajia magofu yenye bango na uzio. Ukimwuliza mzee wa kanisa, atakuambia yaliyosemwa na babu yake kuhusu wageni hao, na huenda ukasikia mambo ambayo barua za misheni hazikuyaandika.

Hatari za kweli

Nyuki. Hawa ndio ninaowahofia kuliko wote. Mapango na nyufa za miamba ya Ukambani zina mizinga ya porini, na kelele, marashi makali au jiwe lililorushwa huwaamsha. Wakija, funika uso kwa shati na ukimbie moja kwa moja, mbali, mpaka ndani ya gari au nyumba. Usisimame kuwapiga. Ukiwa kwenye ngazi usikimbie. Shuka ukiwa umeinamisha uso. Miiba ing'oe upesi kwa kukwaruza kwa ukucha. Mwenye mzio wa nyuki asiende bila dawa yake.

Nyoka. Bafe hupenda kuota jua kwenye njia na haondoki akisikia hatua zako. Tazama unapokanyaga na unaposhika. Mtu akiumwa: mtulize, asitembee, funga kiungo kwa kipande cha mti kisicheze, vua pete na saa, mpelekeni hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba. Hospitali za rufaa za kaunti ziko mjini Kitui na mjini Wote.

Pimbi. Hawana madhara. Kinyesi chao juu ya mwamba kinateleza kuliko ganda la ndizi.

Jua na kiu. Lita mbili za maji kwa kila mtu ndicho kiwango cha chini. Soda haihesabiwi.

Makosa yanayorudiwa kila wikendi

• Kuvaa ndala au viatu vya kanisani. Soli ya mpira yenye meno ndiyo inayoshika mwamba.

• Kuandika jina na tarehe kwenye jiwe. Jiwe litayabeba maandishi hayo muda mrefu kuliko urafiki wenu.

• Kurusha droni bila kibali. Sheria ya usafiri wa anga ya Kenya inataka usajili na idhini, na wenyeji wana haki ya kuuliza unapiga picha za nini juu ya boma lao.

• Kumwacha mama mzee garini kwa sababu hawezi kupanda. Mtafutieni kivuli na msimulizi. Mkishuka mtamkuta anajua mengi kuliko ninyi.

• Walimu kuleta wanafunzi wengi kwa mpigo. Wagawe makundi madogo: moja linapanda, jingine linasikiliza, jingine linachora. Wape kazi moja tu, waandike matoleo mawili ya kisa na tofauti zake.

Begi lako

☐ Maji lita mbili ☐ Kofia yenye kamba ya kidevu ☐ Viatu vya kufunga ☐ Suruali ndefu ☐ Kitambaa au glavu za kushikia chuma ☐ Bendeji na dawa ya kidonda ☐ Kitambulisho ☐ Noti ndogondogo ☐ Daftari na kalamu ☐ Sukari au majani ya chai ☐ Mfuko wa taka zako ☐ Leso au kilemba (sababu iko hapa chini)

Ukiunganisha Kitui na Nzaui

Njia ya haraka kwa aliye na gari ni kupitia Wamunyu na Machakos, kisha Wote. Mimi napendelea ile ndefu ya kusini: Kitui, Mutomo, Ikutha, Kibwezi, kisha barabara ya Mombasa kurudi Emali. Inapita kwenye maeneo yaliyoachwa na watu waliokuja na mipango mikubwa. Ikutha palikuwa na Walutheri wa Ujerumani tangu miaka ya 1890, waliokuja pia Mulango. Vita vya 1914 vikakatiza kazi yao, na Mulango ikaishia mikononi mwa Africa Inland Mission. Kibwezi Waskoti walifungua misheni mwaka 1891 chini ya James Stewart. Malaria ikawaandama, na mwaka 1898 wakahamishia kazi Kikuyu, ambako ilikua ikawa Thogoto. Huko njiani usitumie siku nzima kutafuta mawe ya msingi. Simama, kunywa chai, uliza swali moja, endelea.

Ila Makindu simama vizuri. Hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 wakati reli ilipokuwa na kituo kikubwa hapo, hadi leo humlisha msafiri yeyote bila malipo. Vua viatu mlangoni, nawa mikono, funika kichwa kwa ile leso uliyobeba, mwanamume kwa mwanamke. Usiingie na sigara, pombe wala nyama. Pakua unachoweza kumaliza, kwa kuwa kubakiza chakula ni utovu wa adabu. Ukishiba rudisha sahani mahali pake, na kama una chochote cha kutoa, tia kwenye sanduku la sadaka.